Darasa la Watu Kumi na Watano

Barabara ya Tisa, Bonde la San Joaquin, Kalifornia
15 Septemba 1991

Kaka Hermínio,

Naomba baraka yako. Wewe ni kaka yangu na ndiye uliyenishika siku ya ubatizo, kwa hiyo huna pa kukimbilia. Sisi wazima. Goti la Bibi limegoma tena, naye amegoma kwenda hospitali, basi wanashindana. Mama anakusalimu. Kila mgeni anayeingia bado anaonyeshwa picha yako ya kofia ya kazi na kuambiwa huyu ndiye mhandisi wa madaraja kule kaskazini. Baba amenunua fahali mpya, anaringa naye kuliko alivyowahi kuringa na mimi.

Nakuandikia badala ya kusubiri simu yako ya Jumapili kwa sababu simu iko jikoni, na Jumapili Baba naye yuko jikoni.

Jambo lenyewe ni hili. Nimemaliza mwaka wa kwanza hapa chuo cha mji, kile cha miaka miwili ulichopitia wewe kabla ya kuhamia chuo kikuu. Kalkulasi nimepata alama ya juu kabisa, fizikia vilevile. Juzi nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi kupanga safari yangu ya kuhamia. Akafungua kitabu chake, akaniambia chuo kikuu hawampokei mtu kwenye uhandisi bila somo la Statiki, lile linalofundisha kwa nini paa na daraja vinasimama bila kuanguka. Somo hilo hufunguliwa muhula wa Januari tu, tena wakijiandikisha watu kumi na watano. Wakiwa kumi na wanne, linafungwa. Nimewahesabu wanaosoma uhandisi chuo kizima. Tuko sita.

Nikamwambia Baba huenda nikahitaji mwaka wa tatu. Hakuinua hata macho kwenye sahani. "Hermínio alimaliza kwa miwili," akasema, na kesi ikaishia hapo. Miaka miwili ndiyo niliyopewa. Ikipita sijahama, Juni nakwenda kukaa ofisi ya ushirika wa maziwa, nigonge mihuri mpaka nizeeke.

Kwa hiyo niambie, ulifanyaje? Enzi zenu mlikuwa kumi na watano? Na madaftari yako ya Statiki nitumie, hata kama panya wameyala pembeni.

Mdogo wako,
Deolinda


Longview, Washington
27 Oktoba 1991

Deolinda,

Mungu akubariki. Barua yako ilifika siku nyingi, unisamehe. Huku mvua haipumziki, na tukitoka kazini hata kushika kalamu ni kazi. Mpe Bibi pole ya goti. Mwambie Baba asimwachie huyo fahali mitamba wadogo mapema, atawaumiza.

Daraja linaendelea, tuko nguzo ya tatu. Samaki wamepanda mto, kambi nzima inanuka salmoni.

Kuhusu mambo ya chuo, ni zamani, sikumbuki vizuri tulikuwa wangapi. Madaftari yalilowa maji mwaka ule nilipokuwa nakaa karibu na mto. Wewe soma kwa bidii, mengine yatajipanga. Usigombane na Baba.

Kaka yako,
Hermínio


Barabara ya Tisa
10 Novemba 1991

Kaka,

Naomba baraka yako. Bibi ameipata pole yako, goti halijaipata. Baba alikuwa ameshawaachia mitamba fahali, kwa hiyo ushauri wako umefika baada ya harusi.

Wiki sita nimesubiri jibu, nimepata salmoni.

Mengine hayajipangi, kaka, kwa hiyo nayapanga mimi. Jana tulichinja nguruwe kwa akina binamu Natércia, ukoo mzima ulikuwepo. Nikasubiri watu washibe, nikapanda juu ya kreti na kuwaomba watu tisa wajiandikishe Statiki pamoja nami. Niliwaeleza kwamba hawana haja ya kufaulu. Wanachotakiwa ni kukaa kwenye kiti wiki ya kwanza mpaka wahesabiwe, baada ya hapo warudi kwa ng'ombe wao. Walicheka mpaka nikataka kushuka. Manuel wa Bomba akauliza kama kuna mtihani. Nikamjibu upo, lakini si wake. Akasema basi nimwandike.

Akishaandikwa Manuel mmoja, unajua tena, wengine hawakubali kubaki nyuma. Ninao akina Manuel Silveira wa ukoo wetu wote wanne: wa Bomba, Mfupi, Kasisi, na Bubu ambaye hanyamazi. Kisha Natércia na mumewe Gil, Dona Eulália mpishi wa ukumbi wa jumuiya yetu, Laurindo kinyozi, na Bibi. Ndiyo, Bibi. Amesema goti linauma akisimama, akikaa haliumi, na darasani watu wanakaa.

Baba alikuwa anapara manyoya ya nguruwe, akasikia kila kitu. Tulipofika nyumbani ndipo akasema kwamba Hermínio hakuhitaji kukusanya vikongwe ili awe mhandisi. Nililia bafuni kwa hasira, nakwambia ukweli. Kila hatua ninayopiga katika nyumba hii inapimwa kwa wayo wako.

Nimeanza kukisoma kitabu mwenyewe. Hapa chini nimekuchorea paa la vipande kumi na kimoja. Swali linataka nijue vipi vinavutwa, vipi vinabanwa, na kwa nguvu kiasi gani. Kwako hii ni kazi ya dakika tano. Nionyeshe njia tu.

Deolinda


Longview
22 Desemba 1991

Deolinda,

Mungu akubariki, na Krismasi njema kwenu wote. Sitaweza kuja, tuna zege la kumwaga kabla mto haujajaa.

Paa lako nimelitazama. Vipande vya chini vinavutwa, vya juu vinabanwa. Kile cha katikati kilichosimama hakifanyi kazi yoyote, ukikitoa hakianguki kitu. Kiasi cha nguvu muulize mwalimu wako, yeye ndiye mwenye njia za siku hizi.

Na hao watu wako, wahimize wajaze fomu kabla ya likizo. Ofisi inahesabu Ijumaa ya kwanza saa sita mchana, na ikishapita saa sita hawasikilizi mtu.

Nimemtumia Bibi soksi za sufu.

Hermínio


Barabara ya Tisa
26 Januari 1992

Hermínio,

Hatujambo. Leo baraka siombi, na utaona kwa nini.

Jumatatu ya tarehe kumi na tatu, saa moja jioni, walikuja wote. Ukungu ulikuwa mzito, magari yanatambaa, lakini walikuja. Manuel wa Bomba alikuwa na mabuti ya zizini. Bibi alikaa mbele na kazi yake ya kufuma. Dona Eulália alileta mkate wa darasa zima. Tulikuwa kumi na watano, nilihesabu mara mbili. Mwalimu Teraoka, amefundisha pale miaka ishirini, alituangalia, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza kufundisha bila kuuliza chochote. Alichora mzigo unaning'inia kwa kamba mbili, akauliza ni ipi inayobeba zaidi. Sisi wa kalkulasi tukainamia madaftari. Manuel Mfupi akanyoosha mkono akasema ni ile iliyosimama wima zaidi, yeye amening'iniza mashine za kukamulia maisha yake yote. Alikuwa sahihi. Usiku ule niliendesha gari narudi nyumbani huku naimba.

Ijumaa mchana nikakuta karatasi mlangoni: somo limefungwa.

Nikakimbilia ofisi ya usajili. Mama wa pale ni mpole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Akaniambia tulikuwa kumi na wawili. Kuna bwana mmoja, akasema, alikosea akajaza fomu nne, naye akamsaidia kwa kufuta tatu. Nikaziomba hizo fomu. Manuel Silveira, Manuel Silveira, Manuel Silveira, Manuel Silveira. Mwandiko mmoja, maana Kasisi ana mwandiko mzuri kwa hiyo aliwajazia wenzake. Sanduku la posta moja, la ukumbi. Tarehe ya kuzaliwa hakuna hata moja, kwa sababu Kasisi alisema hayo si mambo ya kuulizana watu wazima. Wao kwa wao wanajuana kwa majina ya utani tangu wanazaliwa, hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu duniani asiyejua tofauti ya Bomba na Bubu. Wala mimi sikuwaza. Mimi ninayetaka kuwa mhandisi.

Kufikia saa tisa nilikuwa nimewaleta wote wanne, wamepanga mstari kaunta, kila mmoja na leseni yake mkononi. Yule mama aliwahesabu kwa kalamu, akawa mwekundu, akaomba radhi kwa moyo wote. Lakini orodha ilishapanda juu. Mkuu wa idara akatoka, akatuambia saa sita ni saa sita. Kasisi akamjibu kwamba hata kwa Mungu mtu hupewa nafasi ya kujieleza. Mkuu akarudi ndani akafunga mlango.

Nilikaa kwenye ngazi. Mwalimu Teraoka akaja akakaa ngazi ya chini yangu. Akasema, "Hii ni mara ya tatu nafungiwa darasa lenye Silveira ndani yake." Nikadhani anawasema akina Manuel. Akasema hapana, mwaka sabini na nane na mwaka sabini na tisa. "Yule kijana alikuwa bora kuliko wote niliowafundisha. Hermínio. Yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia uko Washington, unajenga madaraja. Alifurahi sana, kaka. Akaniuliza baada ya pale ulikwenda kusomea wapi. Ndipo nikakumbuka kwamba bila Statiki chuo kikuu hawampokei mtu.

Ijumaa ya kwanza, saa sita mchana. Mtu asiyekumbuka walikuwa wangapi, lakini saa anaikumbuka. Miaka miwili ninayochapiwa kila nikikaa mezani haikuwahi kuwepo. Uliibuni wewe, ukaenda zako ukaniachia mimi niifikie.

Sasa sikiliza. Nimepiga simu chuo kikuu. Watanishikia nafasi mwaka mmoja, mradi Juni ya mwakani niwe na Statiki. Mwalimu Teraoka atalifungua tena Januari, na safari hii kila mtu atajaza fomu yake kwa mkono wake. Ninachohitaji ni mwaka wa tatu, na anayeutoa ni Baba. Mwambie ukweli.

Deolinda


Barabara ya Tisa
1 Machi 1992

Hermínio,

Bibi hajambo, soksi anazivaa. Ng'ombe wawili wamezaa.

Wiki tano. Kila Jumapili unapiga simu. Jumapili iliyopita ulizungumza na Baba dakika kumi na mbili, mimi nikiwa naosha vyombo pembeni yake. Mlizungumzia fahali.

Baba ameshaongea na watu wa ushirika. Naanza tarehe moja Juni.

D.


Longview
22 Machi 1992

Deolinda, mdogo wangu,

Mungu akubariki, hata kama hujaomba.

Ni kweli yote. Mwaka wa kwanza tulikuwa tisa. Mwaka wa pili tulikuwa kumi na mmoja. Ile Ijumaa nilikaa ndani ya gari mbele ya ofisi nikiutazama mlango, nangoja watu wanne waingie, watu wowote. Saa sita ikapita. Sikujua kwamba mtu anaweza kupanda juu ya kreti akaomba. Wewe umefanya jambo ambalo mimi halikunijia kichwani, na kama lingenijia nisingethubutu.

Nilirudi nyumbani kumwambia Baba. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilipofungua mlango nikakuta meza imejaa. Alikuwa ameshawaambia watu wa ukumbini kwamba mwanawe anakwenda chuo kikuu, maana miaka miwili inakaribia kutimia na yeye hakuwa na habari kwamba somo linaweza kufungwa. Mama alikuwa ameoka mkate mtamu. Wakasimama wakanipigia makofi. Nilikaa, nikala mkate, na baada ya pale sikupata tena mahali pa kuanzia. Agosti nikaondoka na begi, kila mtu akilia kwa furaha.

Mimi ni mfunga nondo. Miaka kumi na mitatu nafunga nondo kwa waya na koleo, wengine wanakuja kumwaga zege juu yake na kazi yangu haionekani tena. Wahandisi wanakuja Jumanne na michoro. Mara nyingine naona wamekosea na nanyamaza. Nimefika mahali sitaki hata kuona michoro.

Nimekaa na barua yako miezi miwili. Niombe kitu kingine chochote. Njoo ukae kwangu, usome chuo cha huku, nitakuhudumia mpaka umalize. Lakini hilo la Baba usiniombe. Siwezi.

Hermínio


Barabara ya Tisa
5 Aprili 1992

Hermínio,

Asante kwa kuniambia. Nilisoma barua yako ndani ya gari nikakulilia, halafu nikafika mwisho nikakasirika upya.

Siji Washington. Nafasi yangu iko hapa, mwalimu wangu yuko hapa, na watu wangu kumi na wanne wako hapa. Manuel Mfupi ameshaniuliza mara mbili Januari tunaanza tarehe ngapi. Unanitaka nitoroke kama ulivyotoroka, halafu Mama naye anitengenezee hadithi ya kuwaambia wageni.

Utauliza kwa nini nisimwambie Baba mwenyewe. Nimefikiria. Nikisema mimi, ni msichana aliyeshindwa anayemchafua kaka yake ili apewe mwaka. Ukisema wewe, ni kweli. Isitoshe si siri yangu. Nimeibeba miezi mitatu na imenichosha, sijui wewe umewezaje miaka kumi na mitatu.

Tarehe moja Juni ni Jumatatu. Kufika hapo niwe nimeshawajibu watu wa ushirika.

Deolinda


Longview
3 Mei 1992

Deolinda,

Mungu akubariki.

Nimejaribu kumwambia Baba kwenye simu Jumapili tatu. Kila mara akianza yeye, namfuata anakokwenda. Kwa hiyo nimemwandikia barua. Nimechana nne, hii ni ya tano, na naiweka ndani ya bahasha yako kabla sijaisoma tena.

Naomba umsomee wewe, mezani, Mama akiwepo. Usipunguze neno, usiongeze, na usinitetee.

Hermínio


Barabara ya Tisa
17 Mei 1992

Kaka Hermínio,

Naomba baraka yako. Tangu Januari sijaiomba, nipe ya miezi yote kwa pamoja. Bibi hajambo. Ukumbini wameanza kupanga sikukuu ya Roho Mtakatifu, na Dona Eulália anagombana na kila mtu kuhusu nyama ya supu.

Nimesoma. Ilikuwa Jumatano, baada ya chakula cha jioni. Nilisoma nimesimama. Sikupunguza neno. Nilipofika pale ulipoeleza kuhusu ile meza na watu kukupigia makofi, Mama alifunika uso kwa aproni na hakuutoa mpaka mwisho. Bibi alikuwa anafuma, akaendelea kufuma. Nafikiri Bibi alikuwa anajua, na siku moja nitamuuliza.

 Nilipomaliza Baba alinyoosha mkono akachukua karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, na wewe unajua hasomi upesi. Kisha akaniambia nirudie pale penye nondo. Nikarudia. Akauliza kama unafunga kwa mkono au kwa mashine. Nikasema umeandika waya na koleo. Akaacha kahawa yake mezani akaenda kwa ndama. Alikaa huko mpaka giza. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama tu, hashiki kitu.

Niliogopa, kaka. Niliwaza nimewaua wawili, wewe na yeye, kwa barua moja, na mwaka wangu nimeukosa vilevile.

Aliporudi alinawa mikono pale kwenye sinki, akiwa amenipa mgongo. Akaniuliza huo mwaka wa tatu utatosha kweli. Nikasema utatosha tukifika kumi na watano. Akasema watu wa ushirika atawaambia mwenyewe. Alisema hivyo tu. Nilikuwa nimemshikia taulo.

Bado nina hasira na wewe. Nakwambia ili usidhani barua moja imefuta kila kitu. Nilipimwa kwa kitu ambacho hakikuwepo, na hilo halitoki kwa wiki moja.

Lakini kuna jambo lingine. Alipomaliza kunawa hakugeuka. Maji yalikuwa bado yanatiririka, akasema, "Na yeye? Kabakiza miaka mingapi ya kusoma?"

Nilimwambia sijui. Ameuliza tena Alhamisi, ameuliza Ijumaa, na leo asubuhi ameniuliza kabla hata sijavaa viatu. Mjibu mwenyewe, Hermínio. Mimi nimechoka kukujibia.

Deolinda